Gemu za zamani za DOS na namna ya kuzichezesha kwenye kompyuta uliyo nayo

Katika kidaka kimoja cha nyumba yetu hapa Langoni, Lamu, nyuma ya sahani za kauri zisizoguswa ila siku ya Idi, ami yangu aliweka kisanduku cha disketi. Alizinunua Mombasa miaka ya tisini, pamoja na kompyuta iliyovuka kwa mashua kutoka Mokowe ikabebwa na punda kutoka gatini hadi mlangoni. Kompyuta haikuishi sana, kwani hewa ya chumvi hula chuma. Disketi zilibaki. Nilipozifungua mwaka jana nikaikuta gemu ya utotoni mwangu, Commander Keen, mvulana mwenye kofia ngumu ya manjano anayeruka juu ya miamba ya sayari ya Mars. Pamoja na disketi ilikuwamo karatasi, fomu ya kuagizia sehemu mbili zilizobaki za gemu hiyo. Ami alikuwa ameichapisha na kuijaza kwa kalamu. Hakuituma, kwa sababu ilitaka malipo ya dola yapelekwe Texas, na hapa kisiwani hundi ya dola ungeitoa wapi? Kwa hiyo nyumba nzima tuliijua sehemu ya kwanza tu, tukaicheza hadi tukaweza kuicheza macho yamefumbwa.

Nimeandika mwongozo huu wa gemu za DOS, mfumo ulioendesha kompyuta kabla Windows haijatawala, kwa kila aliye na kisanduku kama hicho, na kwa asiye nacho ila ana laptopu inayowaka na hamu ya kujua gemu zilikuwaje kabla ya simu. Zinatufaa sana huku kwetu. Nyingi zinaenea kwenye disketi moja au mbili za MB 1.44, hazihitaji intaneti zikishaingia, haziombi akaunti, hazikatizwi na matangazo, na laptopu ya mtumba iliyochoka inazimudu.

Elewa shewea kwanza

Neno hili, shareware kwa Kiingereza, ndilo litakalokuonyesha kipi unaweza kukigawa na kipi si chako, kwa hiyo usilipite haraka. Mwaka 1982, Marekani, Andrew Fluegelman na Jim Knopf, kila mmoja kwa upande wake, walianza kugawa programu zao huku wakiomba anayeona zina manufaa awatumie pesa. Watu walinakiliana disketi, na waliofaidika walilipa. Hiyo ndiyo shewea: onja kwanza, mpe na mwenzako aonje, kisha ulipe.

Upande wa gemu aliyeigeuza ikawa biashara kubwa ni Scott Miller, mwanzilishi wa Apogee huko Garland, Texas, mwaka 1987. Aliona kwamba mtu akipewa gemu nzima bure halipi. Basi akaikata gemu vipande, mara nyingi vitatu. Kipande cha kwanza akakitoa bure kikiwa kamili, chenye mwanzo na mwisho wake, na akawasihi watu wakinakili na kupeana. Vilivyobaki vilinunuliwa. Commander Keen ilitoka kwa njia hiyo tarehe 14 Desemba 1990, Wolfenstein 3D ikafuata Mei 1992 ikitoa hatua 10 kati ya 60, na DOOM ikaja Desemba 1993 na hatua zake 9 za bure. Disketi za bure ndizo zilizozunguka dunia mkono kwa mkono mpaka zikafika kwenye kidaka cha Lamu.

Kanuni basi ni hii. Sehemu ya kwanza ya shewea unaweza kuinakili na kumpa jirani, maana wenyewe waliomba hivyo, ila igawe nzima pamoja na maandishi yake yote. Ndani ya folda mara nyingi utakuta faili kama VENDOR.DOC au README linaloeleza masharti ya kugawa. Lisome. Ukikuta gemu imeandikwa REGISTERED kwenye skrini ya mwanzo, hiyo iliuzwa kwa mtu mmoja, na kutokuonekana dukani miaka mingi hakuifanyi kuwa mali ya umma. Nyingi kati ya hizo bado zinauzwa Steam na GOG, maduka ya gemu ya mtandaoni. Zipo pia ambazo wenyewe waliziachia bure kabisa baadaye, kama Tyrian mwaka 2004 na Bio Menace mwaka 2005. Hizo ni nzima na halali, anza nazo ukitaka.

Kwa watoto wa nyumbani ningechagua Keen, Crystal Caves ya 1991 na Cosmo's Cosmic Adventure ya 1992. Word Rescue na Math Rescue, zote za 1992, zinafundisha maneno ya Kiingereza na hesabu, na mtoto wa darasa la tatu hatambui kwamba anasoma. Wolfenstein na DOOM zina damu na bunduki kutoka dakika ya kwanza. Mzazi azicheze kwanza mwenyewe ndipo aamue.

Kuipata emuleta

Ukibonyeza mara mbili faili la KEEN1.EXE kwenye Windows ya kisasa, utaambiwa haliwezi kuendeshwa. Kompyuta haijaharibika. Gemu hizi zimeandikwa kwa biti 16, na Windows ya biti 64 haina tena mlango wa kuziingiza. Unahitaji emuleta, yaani programu inayojifanya kompyuta ya zamani, yenye prosesa, kadi ya sauti na DOS yake, ndani ya dirisha moja.

Ninayoitumia ni DOSBox, iliyoanza kutolewa mwaka 2002, na ni bure. Toleo la 0.74-3 la mwaka 2019 ndilo ninalolipendekeza kwa laptopu kongwe, kwa kuwa la Windows halifiki MB 2, na maelezo ya hapa chini yote ni yake. Lipakue kwenye tovuti yao wenyewe, dosbox.com, wala usilichukue kwenye kurasa zinazokurushia vitufe vitano vya kijani hujui kipi ni kipi. Kwenye Ubuntu na ndugu zake amri ni moja:

sudo apt install dosbox

Mwenye mashine yenye nguvu aitazame pia DOSBox Staging, inayotoa picha na sauti nzuri zaidi bila kusumbuka na mipangilio, au DOSBox-X, inayoweza kugandisha gemu popote ulipofika na kuirudisha kesho. Hapa kwetu stima hupotea bila kuaga, na mwenye laptopu iliyokufa betri ataona faida yake. DOSBox ya kawaida haina huo ugandishaji, unategemea gemu yenyewe kuhifadhi. Keen ya kwanza, kwa mfano, huhifadhi kwa F5 ukiwa kwenye ramani pekee, si katikati ya hatua.

Folda, kisha amri nne

Tengeneza folda moja ya gemu zote, jina fupi, lisilo na nafasi. Kwenye Windows mimi naiita C:\GEMU. Ndani yake kila gemu iwe na folda yake: KEEN, COSMO, DOOM. DOS inajua majina ya herufi nane na nyongeza ya tatu baada ya nukta, basi. Ukiiita folda yako "Michezo ya watoto", ndani ya DOSBox itakuja kama MICHEZ~1 nawe utajiuliza imetoka wapi.

Gemu ukiipata ikiwa faili la zip, ifungue kwa Windows au Linux kwanza, uitie kwenye folda yake. Ndipo uwashe DOSBox. Utaona dirisha jeusi na maandishi Z:\>. Hiyo Z ni chumba cha DOSBox yenyewe, haina gemu zako. Andika:

mount c c:\gemu
c:
cd keen
keen1

Amri ya kwanza inaiambia DOSBox kwamba folda yako ya GEMU ndiyo diski C ya kompyuta hii ya kuigiza. Ya pili inakuhamishia huko, ya tatu inakuingiza kwenye folda ya Keen, ya nne inawasha gemu. Kwenye Linux mstari wa kwanza unakuwa mount c ~/gemu, na huko herufi kubwa na ndogo za njia ya folda ziandikwe kama zilivyo. Jina la faili la kuwashia likikupotea, andika dir *.exe, na kama hakuna kitu, dir *.bat. Ukikuta INSTALL.EXE au INSTALL.BAT, gemu bado imekunjwa, iendeshe hiyo kwanza.

Jambo moja nakuomba usilifanye: usiandike mount c c:\ ukaikabidhi diski yako nzima. Gemu hizi ziliandikwa wakati mtu alikuwa na ruhusa ya kufuta chochote, na amri moja mbaya ndani ya DOSBox inafuta faili zako za kweli. Mpe folda moja, isizidi hapo.

Vitufe vya kukariri ni vichache. Alt na Enter kwa pamoja hupanua picha ikajaa skrini na kuirudisha. Ctrl na F10 huachilia mausi ikinaswa ndani ya dirisha, nami nimeona watu wakizima laptopu nzima kwa kutojua hicho. Ctrl na F9 hufunga kila kitu papo hapo. Kwenye laptopu ambazo F10 ni ya mwanga au sauti, shikilia na Fn.

Ikitokea maandishi "Packed file is corrupt", faili halijaharibika. Gemu zilizobanwa kwa njia ya zamani huchanganyikiwa zikipakiwa mwanzo kabisa wa memori, mahali ambapo zamani hapakuwa wazi. Andika loadfix mbele ya jina la gemu, mfano loadfix keen1, na DOSBox itaujaza ule mwanzo ili gemu ikae juu yake.

Mwendo

Hapa ndipo wengi huacha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Siku moja nilimwekea mtoto wa ndugu yangu gemu ya magari bila kupima lolote. Alibonyeza mshale mara moja, gari likawa ukutani. Akabonyeza tena, tena ukutani. "Ami, mbona huyu yuwenda mbio hivi?" Sababu ni kwamba waandishi wengi wa gemu za mwanzo hawakupima muda kwa saa. Walipima kwa pumzi ya prosesa yenyewe: fanya hesabu hii mara elfu kadhaa, kisha sogeza gari. Kompyuta ya kwanza ya IBM ya mwaka 1981 ilikwenda kwa MHz 4.77, na kila mwandishi aliikadiria hiyo. Prosesa za haraka zilipokuja, gemu zikaanza kukimbia wazimu, na ndiyo maana kompyuta za enzi zile zilikuwa na kitufe cha Turbo usoni: ukikizima, mashine inajipunguza mwendo ili programu za zamani ziende sawa.

DOSBox ina Turbo yake, nayo inaitwa cycles. Tazama juu ya dirisha, utaona idadi yake imeandikwa. Ikiachwa yenyewe, gemu nyingi za zamani hupewa 3000, na zile za baadaye kama DOOM hupewa nguvu yote iliyopo. Ctrl na F12 huongeza, Ctrl na F11 hupunguza. Fanya hivi: cheza, ongeza kidogo, sikiliza muziki. Muziki ukikatakata, umezidisha kuliko laptopu yako inavyoweza, rudi nyuma. Mhusika akitembea kama yuko kwenye asali, ongeza. Ukipata idadi inayokaa vizuri, iandike kwenye karatasi, maana kila gemu na yake.

Kwa gemu za rangi 16 za mwaka 1990 na 1991 mimi huanza 3000 na huishia mara nyingi kati ya 5000 na 8000. Wolfenstein, iliyotaka angalau prosesa ya 286, inapendeza zaidi ukiipandisha. DOOM ilitaka 386 na MB 4 za memori, iachie max. Na ukikuta "Runtime error 200" pale gemu inapowaka, hiyo imeandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu, ambayo wakati wa kuwaka hupima kasi ya prosesa, na hesabu yake hufurika mashine ikiwa na mwendo mkubwa. Punguza cycles hadi 3000 kabla ya kuiwasha, itafunguka.

Sauti

Gemu nyingi zina faili la SETUP.EXE. Liendeshe kabla ya gemu, chagua Sound Blaster kwa milio, na AdLib au Sound Blaster kwa muziki. Hizo ni kadi za sauti za enzi zile. Ukiulizwa namba, zile za DOSBox ni hizi: anwani 220, IRQ 7, DMA 1. Kosa la kawaida liko kwenye IRQ. Gemu nyingi hukuletea 5 kama jibu lililotangulia, nawe unabonyeza Enter kwa haraka, kisha unacheza kimya au gemu inaganda kwenye mlio wa kwanza. Badilisha iwe 7.

Keen ya kwanza haina hayo. Hutoa mlio wa kipaza kidogo cha ndani ya kompyuta, na ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Usihangaike kuitafutia muziki.

Picha

Gemu hizi zilichorwa kwa nukta 320 kwa 200 na zikaonekana kwenye skrini za vioo vinene ambazo zilizinyoosha nukta kwenda juu kidogo. Kwenye skrini ya leo bila kurekebisha, nyuso zinakuwa bapa na duara linakuwa yai lililolala. Fungua faili la mipangilio. Kwenye Windows liko kwenye menyu ya DOSBox kwa jina Options, kwenye Linux liko ndani ya ~/.dosbox. Tafuta mistari hii uibadilishe iwe hivi:

fullresolution=desktop
windowresolution=960x720
output=opengl
aspect=true

Laptopu ikigoma na opengl, jaribu overlay.

Disketi zenyewe

Kama huna disketi, ruka sehemu hii. Mwenye nazo asikawie, kwa sababu unyevu wa pwani haungojei. Ndani ya disketi mna sahani nyembamba ya plastiki iliyopakwa unga wa sumaku, na ukungu huota juu yake kama unavyoota kwenye vitabu visivyofunguliwa.

Nunua kisomeo cha disketi cha USB, kile cha inchi 3.5. Kabla ya kutia disketi yoyote, kivute kibati chake pembeni kwa kidole na uizungushe taratibu ukitazama kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe au kijivu, usiitie. Ukungu utang'ang'ania kichwa cha kisomeo, nacho kitaikwaruza hiyo na zote zitakazofuata. Safi ndizo zianze. Kisha pindua ile pembe yenye kidirisha kidogo, usukume kizibo mpaka tundu libaki wazi. Hapo disketi imefungwa, hakuna kitakachoandikwa juu yake kwa bahati mbaya. Windows ikikuuliza kama uifomati, kataa, na uendelee kukataa.

Njia bora ni kutoa nakala ya disketi nzima kama faili moja, kwenye Linux. Andika lsblk kwanza ujue kisomeo kimepewa jina gani. Kwangu huwa sdb, kwako huenda ikawa nyingine, na ukikosea hapa utanakili kitu kisicho chake. Kisha:

sudo dd if=/dev/sdb of=disk01.img bs=512 conv=noerror,sync

Nakala kamili ya disketi ya MB 1.44 huwa na baiti 1,474,560. Ikikwama kwenye makosa, itoe, isubiri, irudishe. Mara nyingine ya pili au ya tatu inasoma pale ilipokataa, na kisomeo kingine kinaweza kusoma kilichoshindikana kwa hiki. Katika disketi 21 za ami, 14 zilisomeka zote, mbili zilitoa nusu, tano sikuzitia kabisa. Nimeziweka hizo tano kwenye kopo kavu, pengine nitapata mtu wa kuzisafisha.

Ndani ya DOSBox, nakala hiyo inasomwa kama disketi ya kweli:

imgmount a disk01.img -t floppy
a:
install

Taja njia nzima ya faili kama haliko kwenye folda uliyowashia DOSBox. Chagua C kuwa mahali pa kusakinisha, na kwa sababu ulishaiunganisha C na GEMU, gemu itatua humo.

DOS ya kweli kwenye mashine kongwe

Ukiwa na laptopu ya zamani isiyomudu tena Windows, unaweza kuigeuza iwe kompyuta ya DOS yenyewe. Mwaka 1994, Microsoft ilipoonyesha kwamba MS-DOS inafika mwisho, mwanafunzi wa Marekani aitwaye Jim Hall alianzisha mfumo wa bure wa kuirithi, FreeDOS. Upo mpaka leo, toleo la 1.4 lilitoka mwaka 2025. Pakua faili lake la flashi kutoka freedos.org, liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, kisha washa laptopu kutoka kwenye flashi hiyo.

Mambo matatu ujue kabla. Kwanza, kusakinisha kunafuta diski yote, picha za harusi na kila kitu, kwa hiyo toa vyako kwanza au ushike kuendesha kutoka kwenye flashi bila kusakinisha. Pili, FreeDOS inataka mashine yenye BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) ya zamani, au inayokubali kuwekwa Legacy au CSM kwenye mipangilio yake. Laptopu mpya nyingi hazina tena chaguo hilo. Tatu, hakuna Sound Blaster ndani ya laptopu hizi, basi utapata mlio wa kipaza kidogo au kimya. Kuna programu ya bure iitwayo SBEMU inayoidanganya gemu kwamba kadi ipo, na kwenye baadhi ya mashine inafanya kazi vizuri ajabu.

Mimi nakushauri DOSBox kwanza. FreeDOS ni kwa anayetaka kujifunza mashine ilivyo chini kabisa, na gemu ya magari niliyosimulia ilikimbia vile kwa sababu ilikuwa kwenye FreeDOS, hapakuwa na cycles za kupunguza.

Kwenye simu

Kwenye Android ipo Magic Dosbox, inayoweka vitufe vya kugusa juu ya picha. Inacheza, ila gemu za kuruka zinataka kibodi, na vidole vinaziba skrini. Unganisha kibodi ya USB kwa kebo ya OTG. Na anayetaka kuonja tu kabla ya kusakinisha chochote, archive.org ina maelfu ya gemu za DOS zinazochezeka ndani ya brauza tangu mwaka 2015. Inakula bando, lakini jaribio moja halitakuumiza.

Flashi ya kumpa mwingine

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Unatengeneza flashi ambayo mtu akiichomeka kwenye laptopu yoyote ya Windows, anabonyeza mara moja, anacheza. Hasakinishi, haandiki amri.

Kwenye flashi nakili folda yote ya DOSBox uliyoisakinisha, pamoja na SDL.dll na SDL_net.dll zilizomo, bila hizo haiwaki. Iite DOSBOX. Kando yake weka folda ya GEMU. Kisha fungua Notepad, andika haya, uhifadhi kwa jina keen.conf kando ya folda hizo mbili:

[cpu]
cycles=6000
[autoexec]
mount c gemu
c:
cd keen
keen1
exit

Angalia kwamba kwenye mount sikutaja herufi ya diski. Flashi huwa E kwa huyu na G kwa yule, kwa hiyo njia ianzie pale pale flashi ilipo. Fungua Notepad tena, andika mstari mmoja, uhifadhi kwa jina CHEZA.BAT nje ya folda zote:

dosbox\dosbox.exe -conf keen.conf -noconsole

Notepad hupenda kuongeza .txt mwishoni. Wakati wa kuhifadhi chagua aina zote za faili, la sivyo utapata CHEZA.BAT.txt na haitafanya lolote. Ijaribu kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabla ya kuitoa. Ukitaka gemu ya pili, tengeneza cosmo.conf na CHEZA2.BAT, na hivyo hivyo. Faili za kuhifadhia mchezo hukaa ndani ya folda ya gemu yenyewe, kwa hiyo mtoto akihamia laptopu nyingine na flashi yake, anaendelea alipoachia.

Ndani ya kila folda acha README na VENDOR.DOC kama ulivyozikuta, hata kama anayepokea hasomi Kiingereza.

Flashi yangu ya kwanza ilipanda boti ya Faza kwa mtoto wa ndugu yangu, ina Keen, Cosmo na Math Rescue. Nilitia pia picha ya fomu ya ami, yenye mwandiko wake, ajue gemu hii imetoka wapi. Sehemu ya pili na ya tatu ya Keen nilizinunua mwenyewe Steam, nikaenda nazo kwa ami na kumwekea laptopu mapajani. Hizo hazimo kwenye flashi. Mtoto akitaka kuzicheza atavuka aje Langoni, tuketi barazani, zamu kwa zamu.